Datsun 1200 iliyozima kila ikipanda Limuru: uchambuzi wa kisa

Gari lenyewe ni Datsun 1200 ya mwaka 1972, saluni, injini ya A12 yenye cc 1171, kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya Hitachi DCH306 na pampu ya mafuta inayosukumwa na kemshafti ya injini. Mjini Nairobi halina neno. Linatoka South B hadi Westlands, linakaa kwenye foleni ya Uhuru Highway jua la saa nane likiwaka, na haliteteriki. Shida huanza likishika Waiyaki Way kwenda Limuru. Baada ya Kinoo linaanza kuvuta kwa mishtuko, nguvu zinapungua hata akselereta ikikanyagwa hadi sakafuni, na kabla ya kufika Rironi linazima. Likiachwa kando ya barabara kwa muda, linawaka kwa mpigo mmoja na kuondoka kana kwamba hakuna lililotokea. Mbele kidogo, hadithi ni ile ile.

Datsun bado zina wapenzi wengi Kenya, na si bure: zilishinda Safari Rally mara saba kati ya 1970 na 1982. Injini ya A12 ni nyepesi, haina mambo mengi, na ukitafuta kwa subira Kirinyaga Road utapata karibu kila kitu chake. Wepesi huo wa kupata vipuri ndio uliomponza mwenye gari. Kufikia wakati wa vipimo vinavyoelezwa hapa, gari lilikuwa limewekewa koili mpya, platini na kondensa (vyote vya kutoa cheche), filta mbili, pampu mpya na gasketi zote za kabureta. Fundi wa mwisho alikuwa tayari kufunga pampu ya umeme.

Joto lililosingiziwa

"Mzee, hii ni joto tu, petroli inachemka kwa laini," ndiyo kauli aliyoipata mwenye gari karibu kila mahali. Haikuwa kauli ya kipuuzi. Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari na barabara ya Limuru inapanda kupita mita 2,200. Huku juu shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa, kwa hiyo petroli hugeuka mvuke mapema zaidi. Tena kwenye A12 manifoldi (mabomba ya injini) ya kuingiza na ya kutoa moshi ziko upande mmoja wa injini, na kabureta imekaa juu ya joto lote hilo. Mvuke ukijaa kwenye mpira wa mafuta, pampu hubaki ikipiga povu.

Lakini mwenye gari alipoulizwa taratibu, bila kuwekewa maneno mdomoni, alitoa mambo matatu yasiyokubaliana na joto. Gari lilisumbua zaidi alfajiri ya Julai, ukungu ukiwa umetanda Limuru, kuliko mchana. Kwenye foleni, ambako joto la chini ya boneti hufika kilele chake, halikusumbua kamwe. Na la tatu, ambalo yeye mwenyewe aliliona kama bahati mbaya tu, ni kwamba likijazwa tangi pomoni lilizima mapema zaidi kuliko likiwa na robo.

Mvuke wa joto hautafuti baridi ya alfajiri, wala hauna sababu ya kupendelea tangi lililojaa. Hapo ilitosha kuliweka joto kando na kuanza kupima.

Moto au mafuta

Swali la kwanza kwa gari lolote la kabureta linalozima njiani ni kama limekosa cheche au limekosa petroli. Namna linavyokufa husema mengi. Koili au kondensa ikishindwa, injini hukatika ghafla kama swichi imezimwa. Petroli ikipungua, injini hufa polepole: inakohoa, inavuta na kuachia, na dereva akilegeza mguu inapata nafuu kidogo kwa sababu matumizi yameshuka. Gari hili lilikuwa la aina ya pili.

Hitachi DCH306 ina zawadi ambayo kabureta nyingi hazina: kioo kidogo cha mviringo ubavuni mwa bakuli la floti (akiba ndogo ya petroli ndani ya kabureta), chenye alama ya usawa wa petroli. Injini ikiwa inanguruma bila gia mahali tambarare, mafuta yanapaswa kusimama kwenye alama hiyo. Vioo vingi vya umri huu vimeganda utando wa kahawia hata mafundi husahau kwamba vipo. Hiki kilifutwa kwa kitambaa na kikaonyesha.

Maelekezo kwa mwenye gari yalikuwa haya: gari likizima, asiguse kitu kingine chochote, afungue boneti tu na atazame kioo. Alipofanya hivyo kando ya barabara karibu na Gitaru, kioo kilikuwa kikavu. Kisha, injini ikiwa imezimwa na filta ya hewa imetolewa, alivuta mkono wa throtli, ule unaovutwa na akselereta, huku akitazama koo la kabureta. Pampu ndogo ya kuongeza kasi inapaswa kurusha mchirizi wa petroli kila mkono unapovutwa. Haukutoka hata tone. Basi cheche ziliachwa. Bakuli lilikuwa tupu, na kila kilicho mbele ya bakuli, yaani jeti (vitundu vya kupimia petroli), choki na plagi, hakikuwa na hatia katika kuzima huku.

Filta ya plastiki inayoonyesha ndani ilikuwa na mapovu. Mafundi wawili waliyaona mapovu hayo zamani na kuyaita mvuke wa joto. Mapovu kwenye filta yana maana zaidi ya moja: yanaweza kuwa hewa inayoingia kwenye mpira uliopasuka, yanaweza kuwa petroli iliyopata joto, na yanaweza pia kuwa petroli baridi inayovutwa kwa nguvu kupita kiasi, kwa kuwa shinikizo likishuka petroli hutoa mvuke bila kuhitaji jua.

Vipimo

Kabla ya kufungua mpira wowote wa petroli: nje penye hewa, injini imepoa, kizima moto cha unga karibu, na hakuna anayewelda wala jiko la mama wa chai hatua chache kutoka hapo. Kwenye gereji nyingi za jua kali sharti la mwisho ndilo gumu, lakini halina mjadala. Wala usivute petroli kwa mdomo.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha shinikizo. Kiungo cha T kiliwekwa kati ya pampu na kabureta, na geji ya shinikizo dogo, ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 0 hadi 15, ikaunganishwa. Pampu ya kusukumwa na kemshafti kwenye injini ya namna hii hutoa kati ya psi 2.5 na 4. Geji ilisimama kwenye 3, haikutetemeka. Fundi aliyefunga pampu alikuwa amepima hivi hivi na kuridhika, na hapo ndipo wengi huishia. Shinikizo linaeleza tu nguvu ya springi iliyo nyuma ya kiwambo cha pampu, yaani utando unaosukuma petroli. Injini inaponguruma bila mzigo, sindano ya floti, inayofungulia petroli iingie bakulini, imefungwa karibu muda wote na mafuta yanayopita ni kidogo mno. Pampu inaweza kuonyesha psi 3 safi huku ikishindwa kujaza kikombe.

Kinachohitajika ni wingi. Hesabu ya haraka: kwa mwendo wa mjini wa kilomita 60 kwa saa, Datsun kama hii hula takriban lita 3.5 kwa saa, yaani mililita 60 kwa dakika. Ikipanda mlima kwa gia ya tatu, akselereta ikiwa karibu na mwisho, matumizi hufika lita 12 kwa saa, mililita 200 kwa dakika. Mara tatu na zaidi. Kwa hiyo njia ya mafuta inayopitisha mililita 100 tu kwa dakika itaonekana nzima kabisa Nairobi nzima, na itashindwa Kinoo. Bakuli la floti hubeba kidogo sana, na likianza kupungukiwa linakauka ndani ya dakika moja au mbili.

Kupima wingi: mpira wa kuingia kabureta unatolewa na kuelekezwa kwenye chupa yenye alama za mililita, injini inawashwa na kunguruma kwa petroli iliyobaki bakulini, na saa inashikwa. Pampu nzima ya injini ndogo kama hii inapaswa kutoa karibu nusu lita kwa dakika. Hii ilitoa nusu lita kwa dakika moja na sekunde chache. Nzuri.

Matokeo hayo yangeweza kufunga kisa vibaya, kama yalivyofunga awali. Pampu nzuri, shinikizo zuri, wingi mzuri, na gari bado linazima. Kilichotofautiana kati ya gereji na barabara ni kwamba dakika chache kabla ya kupima, mtu alikuwa amefungua kifuniko cha tangi.

Geji ya mafuta kwenye dashibodi ya gari hili ilikufa zamani. Kila mara gari linapozima, jambo la kwanza analofanya mwenye gari ni kufungua tangi na kuchovya kijiti ili ajue kama petroli imeisha. Akiona ipo, anafunga, anangoja, anawasha, linawaka. Sifa ilikwenda kwa kule kungoja. Gereji nayo ni vivyo hivyo: fundi anachungulia tangi, anafunga kipuri kipya, wanazunguka Ngara tambarare, gari safi, pesa zinalipwa. Kila kipuri kilichofungwa kilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na kile kijiti.

Kipimo kilirudiwa kwa masharti mengine. Tangi, ambalo halifiki lita 40, lilijazwa pomoni na kifuniko kikafungwa kwa ufunguo wake. Petroli ikatolewa nusu lita kwa nusu lita kwenye jerikeni la chuma, na kila baada ya nusu lita mpira ukarudishwa kwenye kabureta ili bakuli lijae tena. Nusu lita ya kwanza ilichukua sekunde 65. Ya pili, sekunde 80. Ya tatu ilikaribia dakika mbili. Ya nne haikufika, ilikuwa ikidondoka. Kifuniko kilipofunguliwa hewa iliingia kwa mlio ambao kila aliyesimama pale aliusikia, bati la tangi likagonga likirudi mahali pake, na nusu lita iliyofuata ikatoka kwa sekunde 65 tena.

Geji ya mvuto, iliyounganishwa kwa T kabla ya pampu, ilithibitisha kwa namba. Kifuniko kikiwa wazi ilisoma inchi 1 ya zebaki, hali ya kawaida ya pampu kuvuta kutoka nyuma ya gari. Kifuniko kikiwa kimefungwa, baada ya lita moja na nusu, ilipita inchi 5.

Kwa nini tangi lililojaa ni baya zaidi

Petroli inapotoka, nafasi yake lazima ichukuliwe na hewa. Hewa isipopata pa kuingia, ile iliyomo tangini inatanuka na shinikizo lake linashuka. Tangi likiwa nusu, kuna lita karibu 19 za hewa, na lita moja ya petroli ikitoka hewa inatanuka kwa sehemu ndogo tu. Tangi likiwa limejaa, hewa ni lita 3 au pungufu. Lita hiyo hiyo moja ikitoka, hewa inalazimika kutanuka kwa theluthi nzima, na pampu inaanza kushindana na tangi.

Petroli yenyewe hupunguza makali kwa kutoa mvuke unaojaza nafasi. Mchana, jua likiwa limepasha tangi, mvuke huo ni mwingi na gari linasafiri mbali. Alfajiri ya baridi mvuke ni haba, na mvuto unapanda haraka. Ndiyo maana Julai ilikuwa mbaya na Februari ilikuwa afadhali. Yale mambo matatu ya mwenye gari yote yalipata maelezo.

Na kwa nini likawaka baada ya kupumzika hata siku ambazo hakufungua tangi? Kifuniko hakikuwa kimeziba kabisa. Hewa ilijipenyeza polepole sana, kiasi cha kutosheleza matumizi ya mjini, kisichotosheleza mlima.

Tangini

Tangi la gari la zamani hupumua kupitia kifuniko chenye tundu au vali ndogo, au kupitia kipaipu chembamba juu ya tangi. Hili lilikuwa limepoteza njia zote mbili kwa nyakati tofauti. Kifuniko cha asili kiliibwa, na kikawekwa cha kufuli kutoka gari jingine, lenye mfumo wake wa kupumua mahali pengine, kwa hiyo hakina tundu. Kipaipu kilikuwepo, lakini miaka iliyopita tangi lilivuja kwenye mshono likazibwa kwa lehemu na gundi ya chuma, na gundi ikajaa ndani ya kipaipu. Moja peke yake kati ya hitilafu hizo isingezimisha gari.

Kulikuwa na la tatu. Mpira mfupi unaotoka kwenye tangi, kama sentimita 25, ulikuwa mweusi na mzuri kwa nje. Ulipopasuliwa kwa wembe kwa urefu, tabaka la ndani lilikuwa limevimba na kulainika kama ngozi ya maziwa, na tundu la milimita 8 limebaki la kupitisha njiti ya kiberiti. Ukivutwa, kuta zake zinagusana. Mpira wa namna hii huruhusu kupuliza kuelekea tangini, kwa hiyo fundi anayepuliza kwa kompresa anaridhika, kumbe njia ya kurudi imefungwa. Usipulize. Toa, pinda, bonyeza kwa vidole. Ukihisi uteute, tupa.

Kuhusu pampu ya umeme iliyokuwa ikipendekezwa: ingevuta kwa nguvu zaidi, mpira ungefungika mapema zaidi, na bati la tangi lingeendelea kuingia ndani. Pengine gari lingefika Rironi badala ya Gitaru. Nyingi pia husukuma zaidi ya psi 5, na sindano ya Hitachi haistahimili hapo. Petroli humwagika juu ya manifoldi ya moshi. Pampu ya umeme bila kidhibiti cha shinikizo, na bila swichi ya kuikata injini inapozima, si tiba ya gari hili hata kidogo.

Matengenezo

Tangi lilimwagwa na kushushwa. Kipaipu kilisafishwa kwa kichimbio cha milimita 4 kilichozungushwa kwa mkono, si kwa drili ya umeme: tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko tangi lililojaa. Likasuuzwa, likatikiswa likatoa kutu ya kujaza kijiko kikubwa, na kichujio cha waya kwenye mdomo wa kuvutia kikapigwa brashi. Kutoka kwenye kipaipu ulipandishwa mpira mwembamba hadi juu ya usawa wa mdomo wa kujazia, ukapindwa, na ncha yake ikaangalia chini ikiwa na filta ndogo. Filta hiyo si mapambo. Nyigu wa matope hupenda vitundu vya kiasi hicho, na mmoja tu anatosha kurudisha ugonjwa wote.

Kifuniko kilibadilishwa kwa chenye vali. Kukijaribu ni rahisi: kioshwe, kikaushwe, kisha ufyonze kwa mdomo upande wa ndani, hewa ipite. Wapo wanaotoboa tundu la milimita 1 kwenye kifuniko cha kufuli, na kwa wingi wa hewa linatosha, kwani kinachohitajika mlimani ni mililita 200 tu kwa dakika. Tatizo ni mvua, na petroli inayorushwa kwenye kona. Kukufikisha nyumbani, sawa.

Mipira yote ilibadilishwa, ya tangini, ya katikati na ya kwenye pampu, kwa mpira wa milimita 8 ulioandikwa SAE 30R7, alama ya mpira wa petroli, ubavuni. Mpira wa plastiki wa rangi ya maji unaouzwa kwa mita ni wa maji. Kwenye petroli hukakamaa na kupasuka. Filta moja, kabla ya pampu, mshale ukielekea pampu. Filta mbili mfululizo, kama zilivyokutwa, ni kizuizi cha bure.

Jaribio lilifanywa kwa masharti mabaya kuliko yote: tangi pomoni, alfajiri, moja kwa moja kutoka Westlands hadi Limuru bila kusimama wala kufungua kifuniko. Gari halikukohoa. Kioo cha kabureta kilitazamwa Limuru mafuta yakiwa kwenye alama, na geji ya mvuto iliporudishwa ilisoma chini ya inchi 1.

Yasichanganywe na kisa hiki magari yanayozima kwenye foleni ya Mombasa Road adhuhuri na kupona boneti ikifunguliwa. Hayo ni ya joto kweli, na pa kuanzia ni kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta, ambacho mafundi hukiacha kwa kudhani ni gasketi ya ziada, na mpira wa mafuta uliolazwa karibu na manifoldi. Gari likifa petroli ikiwa chini ya robo na kupona likiongezwa, tazama mdomo wa kuvutia ndani ya tangi. Oili ikinuka petroli na kupanda kwenye kijiti chake, kiwambo cha pampu kimepasuka: gari lisiwashwe tena hadi pampu na oili vibadilishwe.

Kwenye Datsun hii kumebaki jeti kuu. Mmoja wa waliofungua kabureta aliizibua kwa waya, na shaba ni laini. Namba iliyo kichwani haiaminiki tena. Plagi zinatoka nyeusi na kavu, na kwa kuwa hewa nyepesi ya Nairobi tayari inafanya mchanganyiko uzidi petroli kwa karibu asilimia 10, jeti mpya ianze na namba ya asili, plagi zisomwe baada ya safari ya mlima, kisha ishushwe namba moja ikiwa bado ni nyeusi.